Kiganja Juu ya Mlango wa Bi Kidawa

Hapo zamani, wajukuu zangu, nyumba zilipokuwa za fito na udongo, na kila fito ikijulikana nani aliyeikata. Sogeeni. Mwenye usingizi ampishe mwenye masikio.

Alikuwako Bi Kidawa, mjane, katika nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe, Faki. Makuti yameoza, mvua inanyesha ndani kuliko nje. Udongo umebanduka, fito zimetokeza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Na mwenyewe goti lilishakataa kazi. Jiko liko uani, na mlango wa kutokea uani hakuna: sharti atoke mbele, aizunguke nyumba, ashuke ngazi tatu za udongo. Akizishuka kwa kukaa, kama mtoto.

Mwanawe Hamad akaja kumtazama, akatikisa kichwa. "Mama, nikirudi baada ya mavuno nikaikuta nyumba hivi, nakuchukua ukakae kwangu."

"Mwanangu, humu niliingia bi harusi. Nitatoka kwa jeneza."

"Basi na itengenezwe."

Akaenda zake. Bi Kidawa akakaa kizingitini, akalia.

Wa kwanza kumsikia alikuwa Kombo, mpwa wa Faki. "Mkaza mjomba, futa machozi. Kilichoharibika hurudishwa kilivyokuwa." Akaezua, akaezeka. Fito mbovu akazitoa, fito nzima akazitia. Akakandika, akalainisha kwa kiganja. Hata kile kijiti alichokuwa Faki akitundikia kofia, Kombo alikirudisha palepale. Bi Kidawa alikishika kijiti kile, hakukiachia upesi. "Ahsante, baba. Umenirudishia nyumba na Faki mwenyewe."

Nyumba ikawa ileile. Na ngazi zikawa zilezile. Siku ya tatu, Bi Kidawa akizishuka na sufuria yake, akateleza, akaanguka.

Wa pili kuja alikuwa Mize, binti wa kaka yake. "Shangazi, nyumba imepona, wewe hujapona. Yenyewe imerudi ilivyokuwa, goti lako limerudi? Mimi siirudishi. Naigeuza."

Kombo akaruka. "Utautoboa ukuta wa mjomba?"

"Mjomba wako alikuwa akipika?"

Akatoboa ukuta wa chumbani, akafungua njia ya kwenda jikoni. Ngazi akazifukia, pakawa mteremko wa kutembea hata kipofu. Bi Kidawa akaketi kitandani akitazama jiko lake, anacheka peke yake. Lakini Mize alikuwa na haraka. Katikati ya mlango wake mpya palisimama mti, akaudhani fito nene, akaukata. Kumbe nguzo! Faki aliizika ndani ya udongo isionekane. Mwamba, ule mti mkuu unaobeba paa, ukalia, kraa! Paa likaanza kuinama, na Bi Kidawa yumo ndani.

Wa tatu alikuwa Shaame, jirani, mtu wa maneno machache na kahawa nyingi. Alikuwa akipita, akausikia mlio. Hakupiga hodi. Aliingia, akaupokea mwamba begani. "Bibi, toka. Usikimbie."

"Nikimbie na goti gani, Shaame?"

Bi Kidawa akatoka, anacheka na kuchechemea. Shaame akawaagiza wale wawili wakimbie kwake, walete ile nguzo ya mkoko aliyoitunza miaka miwili kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe. Wakaileta, wakaisimamisha ubavuni mwa mlango mpya, paa likatulia. Bega la Shaame lilikuwa limevimba kama boga.

Wakiwa bado wanakandika pembeni mwa nguzo, Hamad akatokea. Akamkuta mama yake anapita mlango mpya kwa miguu yake, birika la chai mkononi. Akavua viatu. "Kaa humu humu, mama. Nimeshindwa."

Sasa kijiji kile kilikuwa na desturi. Kazi ya nyumba ikisha, hubakizwa udongo mbichi juu ya mlango, na mwenye nyumba humo hubandika kiganja cha mtu mmoja. Mmoja tu. Mwenye kiganja chake pale huingia nyumba ile bila hodi mpaka kufa kwake, kama mtoto wa kuzaliwa humo.

Kombo akanawa mikono. "Bila mimi, mkaza mjomba, hapakuwa na ukuta wa kutobolewa."

Mize akasema, "Bila mimi, shangazi, ungekuwa na nyumba nzuri na wewe uko kwa Hamad."

"Aliyekata nguzo naye anadai?" Kombo akadakia.

"Na wewe ukakandika juu yake, usiijue!"

Wakamgeukia Shaame. Shaame akapuliza chai. "Mimi sidai. Ila nguzo yangu imo humo, na nyumba yangu bado haina."

"Wewe," Mize akamcheka, "ulishaingia bila hodi. Zawadi umejilipa!"

Wakacheka wote, na Bi Kidawa akacheka zaidi yao. Kisha akawatazama mmoja mmoja. Aliyemrudishia nyumba ya mumewe. Aliyemgeuzia nyumba ikamfaa. Aliyeizuia nyumba isimwangukie. Akaushika mkono wa mmoja, akaushika wa mwingine, akaushika wa tatu, machozi ya shukrani yanamdondoka, asijue wa kuuinua ni upi.

Na udongo juu ya mlango umeanza kukauka kandokando.

Haya, mliokaa hapa, msinitazame mimi. Je, nani alistahili?