Dawa ya Mshale na Watoto wa Mzee Mbonea

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akanawe uso, maana mwisho wa kisa hiki nitawauliza ninyi. Mimi mwenyewe jibu sina.

Mzee Mbonea wa milima ya Upare alikuwa na watoto watatu. Nakijwa, wa kwanza, aliijua mimea kama mtu anavyowajua ndugu zake. Akigusa jani tu anakwambia mzizi wake unatibu nini. Sekiete, wa pili, alijua kukamua. Hata mzizi mkavu kama kuni aliutoa nguvu zake zote zikaingia kwenye kibuyu. Nambua, kitinda mimba, alijua kufunika. Alichukua nta, mafuta ya ufuta na kiini cha yai, akavichapa pamoja na maji ya mmea mpaka kila tone likagawanyika vipande visivyoonekana kwa macho, na kila kipande kikavaa ngozi yake. Alichokifunika Nambua hakikuchacha. Watu walimcheka kwamba anavalisha maji nguo, naye akaendelea kuchapa.

Mwaka mmoja jeshi la mtu aliyeitwa Kihindo lilipanda kutoka tambarare. Kihindo mwenyewe ndiye aliyepika sumu ya mishale yao. Aliyekwaruzwa tu alikakamaa, akatokwa povu, akafa kabla hajafikishwa kivulini. Mzee Mbonea alipigwa mshale wa shingo mlangoni kwake, Nambua akiwa amemshika mkono. Binti aliusikia mkono ule ukikaza mpaka vidole vyake mwenyewe vikakaribia kuvunjika, kisha ukalegea.

Nakijwa akasema uko mzizi unaoishinda sumu ile, ila umeota jabalini, nyuma ya kambi ya adui. Akaenda peke yake, akitambaa kwa tumbo. Mlinzi alimkuta anachimba. Nakijwa akampiga kooni kwa muo, ule mti wa kuchimbia, akamkalia kifuani mpaka alipoacha kutapatapa, halafu akaendelea kuchimba. Alirudi na mzigo wa mizizi na jicho moja. La pili lilipasuliwa na jiwe la kombeo.

Sekiete akakamua. Utomvu wa mzizi ule uliunguza kama makaa. Siku ya kwanza ngozi ya viganja ilimbanduka, siku ya pili mifupa ya vidole ikaonekana. Hakuacha mpaka vibuyu saba vikajaa.

Kibuyu kimoja kikapelekwa haraka kwa wapiganaji mlimani, mwendo wa siku nzima juani. Kilipofika dawa ilikuwa imegeuka rangi ya kutu. Watu thelathini walikunywa, wakaingia vitani bila hofu, na wote thelathini wakafa.

Hapo ndipo walipomkumbuka Nambua. Akaketi jikoni akachapa dawa ya vile vibuyu sita vilivyobaki kivulini. Kazi ile haitaki mkono utulie. Ukitulia kidogo, ngozi zile hupasuka na dawa ikafa. Akiwa katikati, adui akavamia kijiji na kutia moto mapaa. Nambua alimsikia shangazi yake akichinjwa uani, akimwita kwa jina. Alilia, lakini mkono haukusimama. Nyasi za paa zikamwangukia mgongoni zikiwaka. Alipotoka, mgongo ulikuwa nyama tupu, na dawa ilikuwa nyeupe kama maziwa.

Dawa hiyo ilifika mlimani ikiwa hai. Wapiganaji walikunywa asubuhi, nayo ikafunguka polepole ndani ya miili yao. Mchana walipochomwa mishale waliyumba, wakatapika, wakasimama tena. Adui alipoona anaowaua hawafi, akakimbia. Walimfuata kwa mapanga hadi bondeni, mto ukabadilika rangi. Kihindo akakamatwa hai.

Mtawala wa nchi ile akaweka mkuki wake chini, mbele ya wale watatu. Akasema, "Aliyeiokoa nchi ndiye atakayeuokota na kuamua juu ya mtu huyu. Mmoja tu."

Nakijwa alitaka kumchoma palepale. Sekiete alitaka akatwe mikono iliyopika sumu, aachwe aende zake. Nambua, aliyekuwa amelala kifudifudi, alitaka aachwe hai aseme sumu inapikwaje, kwani wanafunzi wake walikuwa bado huko tambarare.

"Bila mzizi wangu," Nakijwa akasema, "mngekamua nini, na mngefunika nini?"

Sekiete akainua viganja vyake vilivyofungwa vitambaa. "Mzizi ulikuwa jabalini miaka yote, dada. Ulimponya nani?"

"Dawa yenu ilifika mlimani kabla ya yangu," Nambua akasema taratibu. "Wakafa watu thelathini."

Nakijwa akamjibu kwamba ukiitoa hiyo dawa yao, alichopeleka Nambua ni nta na yai tu. Nambua akakubali kwamba ni kweli.

Kihindo, kamba mikononi, akainua kichwa akauliza ni nani kati yao aliyeishinda sumu yake.

Mkuki bado uko chini, na mtawala anangoja. Je, ninyi mngempa nani haki ya kuuokota?