Kichwa cha Changu na Mkono wa Mzee Mhina

"Mkono usiotumwa husahau njia ya mdomo." Mmeisikia leo, mmecheka, na sasa mnataka kujua ilitoka wapi. Basi kaeni vizuri. Methali hii ilianzia Muheza, nyumbani kwa Bi Semeni, na ilianza hivi.

Mumewe, Mzee Mhina, fundi cherehani, alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Aliporuhusiwa kutoka hospitali, mtaa mzima ulihamia kwake. Huyu kaleta uji, yule supu, na kila aliyeleta alitaka kumlisha mwenyewe. Aliyewaongoza ni dada yake, Bi Mwajabu, mwanamke mwenye huruma nyingi na sauti kubwa kuliko huruma. Alimlisha kaka yake, akamfuta midomo, akamkuna hata pua. Mzee hakukataa. Nani hukataa ufalme?

Lakini mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyepita nyumba kwa nyumba kuwatazama wagonjwa, alimwambia Bi Semeni waziwazi: "Mama, huu mkono haujafa. Vidole vinacheza. Ila mkizidi kumfanyia kila kitu, utakakamaa. Utumeni kazi."

Bi Semeni aliogopa sana. Fundi asiye na mkono atashona nini? Kesho yake akaanza kuutuma mkono ule kama mtoto mvivu.

"Wewe mkono, mpe baba kikombe!"

"Umekataa," Mzee akajibu, akimtazama dada yake.

Bi Mwajabu akakidaka kikombe, akamnywesha. Kisha akatangaza mtaani kwamba wifi yake amechanganyikiwa, anaongea na viungo vya watu na kumnyima mgonjwa maji. Maneno yale yalimuuma Bi Semeni, akalia jikoni huku akikuna nazi. Nazi ilipokwisha, alikuwa amepata shauri.

Mchana akatandika mkeka, akaweka sinia moja la wali wa nazi na samaki aina ya changu.

"Wifi, leo tule pamoja. Kila mtu na mkono wake."

"Na kaka yangu?"

"Anao."

"Utamuua kwa njaa!"

"Kula, wifi, chakula kinapoa."

Bi Mwajabu alinuia kugoma. Akamega tonge moja la kuonja, la pili la kuhakikisha, na baada ya hapo hakutafuta tena sababu. Mzee akamtazama dada. Dada akatazama sinia. Kisha Bi Mwajabu akanyoosha mkono kwenye kichwa cha changu, kitu walichogombania tangu utotoni.

"Mwajabu! Acha hicho!"

Mkono wa kulia ukatoka mapajani. Ukatambaa ukitetemeka, ukamwaga wali mkekani, ukakikamata kichwa. Safari ya kurudi ndiyo iliyokuwa ndefu: ukagonga kidevu, ukapotelea sikioni, ukapaka nyusi mchuzi. Bi Semeni aliikalia mikono yake mwenyewe asije akamsaidia. Mwishowe mkono ukafika mdomoni.

"Kumbe unaweza!" Bi Mwajabu akafoka. "Na mimi nakukuna pua!"

Mzee alitafuna kwanza. "Dada yangu, hata mimi sikujua. Mmenipenda mpaka mkono ukasahau njia."

Bi Semeni akacheka huku machozi yakimtoka. Akalisukuma sinia mbali kidogo na mumewe, akamwambia, "Haya, utume tena."

Ndipo watu wa mtaa ule, wakimwona mgonjwa yeyote analishwa ilhali vidole vyake vinacheza, wakawa wanasema: mkono usiotumwa husahau njia ya mdomo.