Bi Mize Aipitisha Meli ya Nyati

Hapo kale sana, wanangu, wanyama walipokuwa na meli zao na mizinga yao, mabwana wa bahari walikuwa wawili. Simba alikuwa na manowari, meli ya vita yenye milingoti mitatu. Nyati alikuwa na meli ya uharamia. Simba alimwinda Nyati miaka saba asimpate.

Siku moja Nahodha Nyati alishuka na genge lake kwenye pwani ya Nguchiro. Nguchiro ni wanyama wadogo, wepesi, na siku hiyo walikuwa wakiokota chaza. Maharamia wakawakamata kumi na wawili, wakawafunga kamba, wakawatupa ngamani, chini kabisa tumboni mwa meli, ili wakawauze mbali. Miongoni mwao alikuwamo Bi Mize, na mumewe Bwana Shaame.

Kulipopambazuka, Kima aliyekuwa zamu juu ya mlingoti alipiga ukelele.

"Tanga! Tanga nyuma yetu! Manowari ya Simba!"

Lo! Meli nzima ikawa mbio mbio. Nahodha Nyati alitazama nyuma, akaona matanga meupe yanakuja. Akatazama mbele, akaona ufukwe na mawimbi yanayopasuka juu ya miamba. Akateremka ngamani, du! du! du!

"Nani kati yenu anaijua pwani hii?"

Bi Mize akasema, "Mimi, nahodha. Nimezaliwa hapa."

Bwana Shaame akamnong'oneza, "Mke wangu, unamsaidia huyu?"

"Nyamaza, bwana wangu. Ukisikia nikipaza sauti tu, ruka."

Akafunguliwa, akapelekwa juu, akasimamishwa karibu na usukani. Nyati akaweka kisu shingoni mwake.

"Sikiliza, bibi. Meli yangu ikigusa mwamba, wewe wa kwanza kufa."

"Na mume wangu yumo humo chini, nahodha. Meli ikizama, naye anazama. Nitaigongesha kwa faida gani?"

Nyati akafikiri. Akashusha kisu kidogo tu.

"Haya, sema."

"Kuna mlango wa maji kati ya miamba ile. Ndani kuna ghuba. Leo ni bamvua, maji yamejaa pomoni, na meli yako itapita. Manowari ya Simba ni nzito, haipiti."

Wakageuza usukani. Mbele kabisa alisimama Ngiri, mpimaji wa kina, na kamba yake yenye kipande cha risasi nchani. Akaitupa majini, chubwi!

"Pima tano!"

Miamba ikawa kulia, miamba kushoto. Povu likaruka mpaka sitahani.

"Pima nne!"

"Kushoto kidogo," akasema Bi Mize.

"Pima tatu! Pima... mbili! Nahodha, ni mbili tu!"

Nyati akamkamata Bi Mize shingoni, akamwinua juu. "Unatuua!"

"Meli yako... inataka... pima moja na nusu," akasema Bi Mize, pumzi zikimkata. "Ya Simba inataka tatu. Au unataka mlango ambao... na yeye atapita?"

Nyati akageuka kutazama. Manowari ilikuwa inashusha matanga. Ilisimama nje ya miamba, ikatia nanga, haikuthubutu kuingia.

Nyati akamwachia Bi Mize, akacheka kwa nguvu. "Ha! Ha! Simba kakwama nje! Tieni nanga!"

Maharamia wakashangilia, wakamtolea Simba ulimi. Ngiri peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama ukingoni.

"Nahodha," akasema, "maji yameanza kupwa."

Bi Mize akajibu upesi, "Si ndiyo vizuri? Yakipwa, Simba anazidi kuwa mbali. Mimi nahofia jambo lingine. Mashua zake ndogo zinaweza kupita. Mizinga yako nusu inatazama bara. Bara kuna nini cha kupiga? Ungeiweka yote upande wa bahari."

"Kweli!" akasema Nyati. "Ivuteni yote upande wa bahari!"

Wakaanza kuvuta. Mzinga wa kwanza ulikuwa mzito, ukagoma. Wa pili ukagoma.

"Nahodha," akasema Bi Mize, "wale wenzangu kule chini wamekaa bure. Wafungue kamba wasaidie."

Nyati akamtazama. Akamtazama tena. Bi Mize akainamisha kichwa, akasubiri.

"Wafungueni," akasema Nyati. "Na wewe Ngiri, acha hicho kikamba chako, njoo uvute!"

Basi Nguchiro kumi na mmoja wakapanda juu, mikono huru, wakavuta pamoja na maharamia. Haya, vuta! Haya, vuta! Mizinga yote ishirini ikasogezwa upande mmoja. Maji nayo yanakwenda zake, taratibu, bila kelele. Bi Mize akasikia mkuku, uti wa chini wa meli, ukigusa chini, grrr.

Ngiri naye akasikia. "Nahodha! Tumekaa chini!"

Kabla Nyati hajafumbua mdomo, meli ikaanza kulala upande wa mizinga. Kwanza polepole, maji yakizidi kupwa hata tope likaonekana. Halafu parakacha! Mizinga ikaporomoka, gubu, gubu, gubu, ikatoboa ubavu, ikazama kwenye tope. Mlingoti ukavunjika, kacha! Kima akaning'inia kwenye kamba.

"Rukeni!" akapiga kelele Bi Mize.

Nguchiro wakaruka, wote kumi na wawili, wakaangukia tope. Ni wepesi, wanangu, tope liliwashika nyayo tu. Wakakimbia, tifu tifu tifu.

"Wakamateni!" Nyati akanguruma, akaruka nyuma yao na genge lake lote. Pwaa! Tope likawameza mpaka magotini. Wakajaribu kujinasua, likawameza mpaka tumboni. Kila aliyezidi kupigana alizidi kuzama.

Bwana Shaame alikuwa wa mwisho kufika ufukweni. Alimshika mkewe mabega, akitweta, machozi yanamtoka.

Baada ya saa kadhaa bahari ikaanza kurudi. Nyati akaliona povu linakuja, akalia, "Bibi! Bibi yangu! Maji yanarudi!"

Bi Mize akasimama juu ya jiwe. "Yanarudi, nahodha. Na Simba anateremsha mashua zake. Omba mashua zitangulie."

Zilitangulia, lakini kidogo tu. Askari wa Simba waliwang'oa maharamia mmoja mmoja kwa kamba, maji yakiwa kidevuni, wakawapeleka manowarini wamefungwa. Kuanzia siku hiyo hakuna haramia aliyetia nanga pwani ya Nguchiro.

Basi wanangu, mwenye nguvu akikulazimisha umwonyeshe njia, usisahau kwamba anayeijua njia ni wewe, si yeye.