Bi Nungunungu na Aliyevaa Miiba Yake

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na mlango!

Na mlangoni pana mtu!

Yuko ndani au yuko nje?

Mwenyewe hajui!

Haya. Leo mmeitikia vizuri, si kama jana, mlivyoitikia kama wagonjwa wa meno. Tulieni basi. Hidaya, toa huo muwa mdomoni, unanitafunia hadithi.

Hapo zamani, zamani hasa, wanyama walipokuwa wakijenga na kulima na kuombana chumvi, palikuwa na kijiji kikiitwa Mzambarauni. Hapo alikaa Bi Nungunungu, mjane, na mtoto wake mmoja wa kike, Sikudhani. Na miiba alikuwa nayo, jamani! Mirefu, myeusi kwa myeupe. Akitembea inalia kacha, kacha, kacha. Watu hata hawageuki kutazama. Wanasema tu, "Bi Nungunungu huyo anapita."

Jirani yake alikuwa Pimbi. Pimbi mnamjua: kibonge, mvivu, hajasimamisha hata nguzo moja ya nyumba tangu azaliwe. Kila asubuhi alikuja barazani kwa Bi Nungunungu, akanywa uji wa watu, akamchimba maneno. Uliolewa mwaka gani? Mama yako alikuwa akikuita nani? Naye Bi Nungunungu, mdomo wake hauna komeo, akamwambia yote.

Siku moja Bi Nungunungu akaenda porini kuchimba mizizi. "Pimbi, nitazamie mtoto. Adhuhuri nimerudi."

Hakurudi. Njiani alikutana na Chui.

Chui akamrukia mara ya kwanza. Bi Nungunungu akamgeuzia mgongo, miiba ikamchoma Chui puani. Akaruka mara ya pili, ikamchoma miguuni. Akaruka mara ya tatu, na hapo miiba yote iliyobaki ikang'oka. Chui akakimbia analia. Bi Nungunungu naye akaporomoka bondeni, akajigonga kichwa kwenye jiwe. Akajikokota hadi kwenye shimo, homa ikamshika humo. Leo nafuu, kesho kazidiwa, mpaka ikapita miezi mitatu.

Na Pimbi? Tusimsingizie, alikwenda kumtafuta. Akaona damu. Akaona miiba imetapakaa. Mwenyewe hayupo. Akasema, "Maskini, kafa." Akalia kidogo, machozi ya kweli. Kisha akaitazama ile miiba. Akaikumbuka nyumba, akalikumbuka shamba la viazi, akaukumbuka uji. Machozi yakakauka yenyewe. Akatafuta ulimbo, ule wa kunasia ndege, akajipaka mgongo mzima, akajipachika miiba mmoja mmoja.

Huyo anaingia kijijini. Kacha, kacha, kacha.

"Bi Nungunungu karudi!"

"Nimerudi, wenzangu. Nimekonda kwa mateso, ndiyo maana mnaniona mdogo."

"Na Pimbi yuko wapi?"

"Pimbi? Kahama."

Nani angehangaika kumtafuta Pimbi?

Basi, baada ya miezi mitatu Bi Nungunungu wa kweli akapona. Akarudi kwake mguu mosi, mguu pili, ngozi tupu, mbavu unazihesabu. Akafika mlangoni.

"Hodi!"

"Nani?" ikaitika sauti ya ndani.

"Mimi."

Mnacheka nini? Si ndivyo mnavyojibu nyote? Mtu anaulizwa nani, anasema mimi, kana kwamba duniani mimi ni mmoja!

"Mimi nani?"

"Mimi Bi Nungunungu."

Kisha sauti ikasema, "Bi Nungunungu ni mimi. Labda wewe ndiye utuambie u nani."

Mlango ukafunguliwa. Bi Nungunungu akaona miiba yake imesimama kizingitini, inamtazama. Akajitazama mwenyewe: ngozi. Akaitazama tena: miiba. Kichwa chake, ambacho tangu lile jiwe hakikuwa sawasawa, kikaanza kuzunguka. Akajikuta anasema, "Samahani, nimekosea nyumba."

Akageuka akaondoka! Wallahi aliondoka. Alikuwa ameshapita kisima ndipo akasimama. "Ngoja. Nyumba ile niliijenga mimi. Au sikuijenga? Na mtoto wangu yumo mle." Roho ikamruka. Nyumba angeweza kuiacha, lakini Sikudhani hapana. Akaenda mbio kwa Jumbe.

Jumbe wa kijiji alikuwa Nyumbu. Ndevu ndefu, fikra fupi, ila moyo wake safi. Akapiga ngoma, watu wakajaa barazani. Akawasimamisha wawili, mwenye miiba huku, asiye na miiba kule.

"Jambo hili ni jepesi," akasema Jumbe. "Nungunungu ni nani? Ni mwenye miiba. Nani ana miiba?"

"Yule!" wakasema watu.

"Lakini yangu iling'oka!" akalia Bi Nungunungu. "Wewe, Jumbe, ndevu zako zikinyolewa, hutakuwa Jumbe?"

Jumbe akazishika ndevu zake kwa hofu. "Hebu tujaribu njia nyingine. Nungunungu ni yale aliyoyapitia. Nitauliza, mnijibu. Uliolewa mwaka gani?"

"Mwaka wa nzige," akadakia Pimbi.

Bi Nungunungu alifungua kinywa. Nzige? Mafuriko? Homa ilikuwa imemwachia matobo kichwani.

"Mama yako alikuwa akikuita nani?"

"Kichuguu," akasema Pimbi, "kwa sababu nilikuwa napenda kukaa nimejikunja."

Bi Nungunungu akamtazama kwa mshangao. Jina lile alikuwa amelisahau kabisa, na sasa limetoka kwenye kinywa cha mwingine. Machozi yakamtoka. Akasema taratibu, "Ni kweli. Aliitwa hivyo." Akasikia mwenyewe alivyosema: *aliitwa*.

"Bado njia ya tatu," akasema Jumbe. "Mtu ni yule wanayemjua wenziwe. Mleteni mtoto."

Sikudhani akaletwa. Mtoto mdogo, miezi mitatu amelishwa na kulazwa na mwenye miiba. Akamtazama huyu. Akamtazama yule. Bi Nungunungu akamnyooshea mikono.

"Mama yangu ana miiba," akasema mtoto, akaenda kujificha nyuma ya Pimbi.

Basi tena. Jumbe akahukumu: "Bi Nungunungu ni huyu. Wewe hatukufukuzi, tutakuita Mgeni. Utalala kwenye banda la kuni."

Sasa mwoneni huyu Mgeni, ameketi juu ya gogo, ameshika tama. Anawaza, na mawazo yenyewe hayana kichwa wala miguu. "Kama Nungunungu ni miiba, basi nusu yangu iko puani kwa Chui na nusu imelala kitandani kwangu. Kama ni mambo niliyopitia, yule anayajua kunizidi. Kama ni watu wanavyoniona, watu wameshasema. Basi mimi si mimi. Haya, sawa. Lakini huyu anayelia ni nani? Na kama mimi si mimi, mbona mtoto wa mtu mwingine ananiuma moyoni hivi?"

Hata mimi ninayewasimulia kichwa kinaniuma, na nyinyi nawaona mmekunja uso. Siku zikapita. Wakimwita "Mgeni!" akawa anaitika, "Naam!" Asubuhi akimwona Sikudhani anapita, anamwamkia kama anavyomwamkia mtoto yeyote, kisha anarudi bandani kulia. Baadaye akawa halii sana. Hilo ndilo lililomtisha.

Siku ya ishirini, Fuko akaingia barazani.

Sasa ngojeni, kuna jambo sikuwaambia. Sikuwaambia kwa sababu Bi Nungunungu mwenyewe hakupata kumwambia mtu, hata Pimbi, pamoja na umbea wake wote. Mwaka mmoja nyuma, wakati wa njaa, mihogo ya Bi Kanga iliibwa. Bi Kanga ana watoto tisa, na shamba lilichimbwa likaisha. Watu wakasema, anayechimba ni nani? Fuko! Fuko akaapa, akalia, akagaragara chini. Wakamfukuza yeye na mkewe kijijini.

Hakuwa Fuko. Alikuwa Bi Nungunungu.

Basi Fuko akasimama mbele ya Jumbe, mwembamba, vumbi tupu. "Jumbe, nimechoka kukaa porini kwa kosa lisilo langu. Leo alfajiri nimekwenda kwenye shamba la Bi Kanga, nikachimba kwenye matuta ya zamani. Tazama nilichokipata."

Akanyoosha mkono. Mwiba. Mrefu, mweusi kwa mweupe.

Watu wote wakageuka kumtazama Pimbi.

"Mimi?" akasema Pimbi. Jasho likaanza kumtoka. "Mimi muhogo hata kuuchimba sijui!"

"Mwiba ni wa Nungunungu," akasema Jumbe, "na Nungunungu ni wewe. Mwizi huchapwa viboko thelathini, kisha anatoka kijijini. Leteni kiboko."

Bi Nungunungu alikuwa amesimama nyuma kabisa, na kuni kichwani. Moyo wake ukamwambia, nyamaza. Nyamaza tu! Pimbi achapwe, atoke. Nyumba itabaki wazi, mtoto atabaki hana wa kumlea, na wewe Mgeni utasema, nipeni mimi nimlee. Hakuna anayejua. Wewe si Nungunungu, wenyewe wamesema!

Akataka kunyamaza. Lakini akamtazama Fuko, akaona miguu yake ilivyochanika. Aibu ikamshika. Na aibu ile haikutafuta miiba, wala haikuuliza aliolewa lini, wala haikungoja watu waseme. Ilipita watu wote waliojaa pale barazani, ikamfikia yeye peke yake. Uso ukamwaka moto. Akazitua kuni.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nani?" akauliza Jumbe.

"Niliyeiba mihogo. Nilichimba alfajiri, mvua inanyesha, nikaanzia upande wa mchungwa. Mwanangu alikuwa na njaa, lakini hata wa Bi Kanga walikuwa na njaa, nami nililijua hilo. Na siku mlipomfukuza Fuko, nilisimama hapa hapa nikapiga kelele, atoke, atoke! Kelele zangu zilikuwa kubwa kuliko za wote."

Bi Kanga akasema polepole, "Ni kweli, mchimbaji alianzia mchungwani. Hilo sikumwambia mtu."

Pimbi akaruka kwa furaha. "Mmesikia wenyewe! Mwizi ni huyo! Wizi ni wake, mwiba ni wake, mimi simo kabisa!"

Jumbe Nyumbu akakuna ndevu. Akakuna tena. Safari hii fikra zikamfikia. "Mwiba ni wake?"

"Wake!"

"Wa Nungunungu?"

"Wa Nungunungu, ndiyo!"

"Sasa wewe uliyevaa hiyo mingine ni nani?"

Pimbi akaufumba mdomo, lakini alikuwa amechelewa. Bi Kanga akamfuata, akaushika mwiba mmoja mgongoni, akauvuta. Ukatoka na ulimbo wake, unavutika kama asali. Akavuta wa pili. Akavuta wa tatu. Pimbi hakungoja wa nne. Alikimbia huku miiba inapukutika njia nzima, mpaka kwenye majabali, na mpaka leo hukaa huko kwenye nyufa za mawe, hana nyumba. Ukimwona, anachungulia kwanza ndipo atoke.

Na Bi Nungunungu? Nani kasema alisamehewa? Jumbe alimhukumu amlimie Bi Kanga misimu mitatu, na nyumba ya Fuko aijenge kwa mikono yake mwenyewe. Viboko Bi Kanga alisema asipigwe, hali yenyewe ndiyo ile. Fuko akaulizwa kama amemsamehe. Akasema, "Leo hapana. Niulizeni nikishalala ndani ya nyumba." Bi Nungunungu akainamisha kichwa akasema, "Una haki."

Alipoinua macho, Sikudhani alikuwa amesimama mbele yake.

"Mama yangu si mwizi," akasema mtoto kwa hasira.

Bi Nungunungu akachuchumaa. Angeweza kuuficha ukweli hata hapo. Akasema, "Mama yako aliiba, mwanangu. Ndiye mimi."

Mtoto akamkazia macho kwa muda mrefu. Kisha akaja nyuma yake, akaigusa ile ngozi tupu yenye makovu. "Panauma?"

"Panauma."

"Twende nikakupake mafuta, mama."

Basi wanangu, msiniulize mtu ni nini hasa, kama ni mwili wake au kumbukumbu zake au macho ya wenziwe. Sijui, na Jumbe hajui. Mimi najua hili tu: sifa zako, sura yako, hata jina alilokupa mama yako, mwingine anaweza kuvivaa na vikamkaa. Lakini siku kosa lako linapotajwa, watu mia wakiwepo, moyo utakaoshtuka ni mmoja. Hapo ndipo ulipo. Usijikimbie, sema ni mimi, na ulipe.

Hadithi naitua hapa, mgongo umenichoka. Aliyeisikia aibebe, akipenda aitie chumvi yake, na huko aendako akibisha hodi, ajitaje jina kabisa.