Ndoo ya Kuchovyea Kuku

Mtu mmoja alikuwa na boma la kuku wa kienyeji, na mwanamke wa kuwasimamia. Mtu huyo aliitwa Makokha; mwanamke, Nafuna. Makokha alipenda mayai, ila hakupenda kuku aatamie. Kuku anayeatamia hatagi, na kwa Makokha asiyetaga ni mvivu anayekula bure. Basi sheria ya boma ilikuwa moja: kuku akilalia mayai yake, anachovywa kwenye ndoo ya maji baridi mpaka joto la tumbo limtoke, arudi kazini. Aliyewachovya ni Nafuna. Aliwachovya barabara, bila huruma, ndiyo maana akapewa funguo na usimamizi. Performance safi, wakasema.

Kisha Nafuna mwenyewe akashika mimba, akajifungua. Akapewa likizo, maana ni sheria, na Makokha ni mtu wa sheria akiwa anatazamwa. Likizo! Kushonwa nyuzi, kukesha na mtoto analia, chuchu kupasuka. Na bado watu wazima na akili zao wanaita likizo, kana kwamba alienda Mombasa kuota jua.

Aliporudi, funguo zilikuwa kiunoni mwa Wanjala, mwanamume ambaye Nafuna mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Nafuna akakabidhiwa fagio na mavi ya kuku. Alipouliza, Makokha akamjibu kwa upole ule wa mtu ambaye hana nia ya kusikiliza: "Nothing personal, mama. Wewe ulikuwa umepumzika, wenzako walikuwa kazini. Hebu anza na yule wa pembeni, ameleta uvivu wake."

Pembeni kuku mwekundu alikuwa amejitandaza juu ya mayai, manyoya yamemsimama. Nafuna akamnyanyua. Ndoo ilikuwa tayari. Joto la tumbo la kuku likampiga kifuani, na papo hapo maziwa yakamtoka, yakalowesha blauzi mbele ya watu wote.

"Bosi," akasema, "nikimaliza kumchovya huyu, nijichovye mwenyewe ama utanishika unichovye wewe?"

Wenzake wakacheka, wakaona Makokha hacheki, ghafla kila mtu akakumbuka kazi yake. Nafuna akamrudisha kuku juu ya mayai, taratibu, kama anayeomba radhi. Jioni hiyo akafutwa: eti ana attitude. Kuku naye akachovywa na Wanjala.

Boma likaendelea kutoa mayai, na Makokha akajiona mjanja. Halafu kuku wakazeeka, kama kuku wanavyozeeka, na nyuma yao hapakuwa na kitu. Leo anazunguka sokoni na tenga tupu, anamlalamikia kila anayesimama: jamani, vifaranga wa siku hizi wamepotelea wapi?

Enyi mnaouita uzazi likizo, aliyewaangua nyinyi alikuwa anapumzika?