Bomba la Mlangoni kwa Diwani

Diwani Lugendo aliitisha mkutano ili wananchi wa Mikwajuni washiriki kupanga mahali pa bomba la maji. Walipofika wakakuta mtaro umeshachimbwa hadi langoni kwake, juu kabisa mlimani, na wao wote wanakaa bondeni.

"Kazi yenu ni kunyoosha mikono tu," alisema.

Bi Nyamizi, muuza vitumbua, akawahi kunyoosha wa kwake. "Mahali pazuri, mheshimiwa. Ila tupajaribu kwanza. Weka tangi hapo langoni, tuchote wiki moja."

Diwani akacheka, akaweka tangi.

Alfajiri ya kwanza Bi Nyamizi alijaza ndoo, akaitua, akabisha hodi. "Siwezi kuchota maji mlangoni kwa mtu nikaondoka bila salamu. Mmeamkaje? Mama hajambo? Watoto je?" Akakaribishwa, akanywa chai. Nyuma yake alikuwapo mwingine, kisha mwingine, kila mmoja na ndoo yake na salamu zake. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, kwa hiyo diwani hakuthubutu kumfungia mtu mlango. Sukari ikaisha. Mkewe akahamia kwa dada yake.

Kabla wiki haijaisha, diwani aliitisha mkutano mwingine. "Nimewasikiliza wananchi," alisema kwa sauti iliyokauka. "Bomba likae bondeni, sokoni."

"Mbona haraka, mheshimiwa?" Bi Nyamizi aliuliza. "Jaribio bado. Wenye watoto wachanga niliwapangia kuja kukusalimia kesho."

Diwani akanyoosha mikono yote miwili.