Joho la Kila Aliyegusa Mnazi

Hapo zamani, katika mji wa Pongwa, alitawala Sultani Mwinyikondo, na mjini humo aliishi fukara mmoja, Msabaha, ambaye mali yake yote ilikuwa kikoi kimoja, binti mmoja na ulimi.

Kila Siku ya Mwaka watoto walishindana kukwea mnazi mrefu wa uani kwa sultani, na wa kwanza kuangusha dafu alivishwa joho. Mwaka mmoja alivishwa Mwanaidi, binti Msabaha. Shaibu, mwana wa sultani, aliteleza kabla hajafika popote, akalia kutwa. Basi sultani, kwa kutovumilia kilio kile, akapiga mbiu kwamba tangu hapo kila atakayeugusa mnazi atavishwa joho.

Ikawa mwaka uliofuata watoto wakagusa shina, wakavaa majoho, wakaenda kucheza. Msabaha alipomwuliza bintiye mbona hakupanda, akajibiwa kwamba juu hakuna joho la pili. Akaenda na jibu lile hadi barazani kwa sultani.

Sasa, barazani palikuwa na wageni, na kwa desturi siku hiyo hawakunywa ila madafu ya mnazi ule. Wakangoja, makoo yakawakauka. Sultani, kwa fedheha, akatafuta wa kumlaumu, akamwona Msabaha anatabasamu.

"Ewe Msabaha, wewe na goti lako bovu, nenda kwenye mnazi ule. Usipostahili joho langu, jua lisitue ungali mjini mwangu."

Msabaha akachechemea hadi mnazini, akaugusa kwa kidole kimoja, akarudi, akanyoosha mikono kama mtu anayevishwa.

"Dafu li wapi?"

"Liko juu, Maulana. Hukuniagiza dafu, umeniagiza nistahili joho. Nami nimegusa."

Wageni wakainamisha nyuso kuficha kicheko. Sultani akaona kwamba kumnyima huyu ni kuwavua watoto wote, na mwanawe akiwemo. Kisha akacheka mpaka kilemba kikamlegea.

"Mvisheni. Na punda yule aliyefungwa shinani mvisheni pia. Yeye ameugusa tangu alfajiri."

Basi wakavishwa wote wawili. Msabaha, aliyekwisha kuanza kutembea kwa maringo, akamtazama punda, akajitazama, akalivua lake polepole.

"Maulana, umenipata," akasema. "Kumbe uzito wa joho si kitambaa."

Hapo Shaibu, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akavua lake naye, akaliweka miguuni pa babake.

"Baba, mimi sikulilia joho. Nililia kwa kuwa niliteleza."

Sultani alipomwuliza mwanawe ataka nini, mtoto akamwonyesha Mwanaidi, ambaye alikuwa ameshafunga kamba ya kukwea miguuni.

"Anifundishe."

Wageni wakanywa madafu aliyoyaangusha Mwanaidi, na Msabaha akalala mjini. Jioni ile Shaibu alifika nusu ya mnazi, akashuka magoti yamechunika, hana joho wala chozi. Kati yake, Msabaha na punda, aliyebaki na joho lake ni punda, naye kabla ya kucha alikuwa amelila nusu.